Shuka la Marehemu

"Nguo zimeenda wapi?"

Fundi saa alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku tupu. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Viraka kwa kazi yake ya kuunga mabaki ya vitambaa kwa sindano ya mkono, hakuinua macho. Mapajani mwake mlikuwa na shuka jipya, nusu limekwisha. Mumewe alipolitazama vizuri, akayatambua maua ya kijani.

"Umezikata?"

"Nilidhani ni mabaki, mume wangu. Si huwa unaniletea kwa magunia? Nikajua ni hayo hayo."

"Zilikuwa nguo za marehemu mke wangu wa kwanza!"

"Sikujua."

Fundi saa hakufoka, na afadhali angefoka. Alichukua koti lake akaenda kwa dada yake. Siku ya kwanza simu kimya. Siku ya pili kimya. Mama Viraka aliiona ndoa ya miaka miwili inaondoka hivi hivi.

Siku ya tatu ujumbe ukaingia:

"Mke wangu, nimekusamehe. Hukujua. Yaliyopita si ndwele. Kesho narudi."

Mwingine angepiga vigelegele. Yeye aliusoma mara tatu, machozi yakamtoka, kisha akaandika:

"Usinisamehe kwa hilo. Nilijua."

Simu ikaita papo hapo.

"Unasema nini wewe?"

"Nilijua ni zake. Nilizikata kwa makusudi, moja moja, mlango nimeufunga."

Simu ikakatwa. Jamani, wapo waliozikwa na uongo mkubwa kuliko huo na hakuna aliyewahi kujua!

Alasiri fundi saa akaingia. Hakuketi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila Jumapili ulifungua lile sanduku, ukazikumbatia, kisha ukaja mezani kuniuliza chumvi iko wapi. Mimi nilikuwa mke wa siku sita."

"Si ungeniambia?"

"Ningesema nini? Kwamba namwonea wivu marehemu? Nikaona nikizigeuza shuka, zitakuwa kazi ya mkono wangu, na wewe utakuwa wangu. Nilipofika katikati nikajiona mwizi."

"Na kweli umeisema ya nini, nami nimeshakusamehe?"

"Ulimsamehe mwanamke ambaye si mimi. Ungerudi kuishi na huyo."

Fundi saa akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe, alilia mbele yake, kwa sauti, bila kujificha.

"Umenikosea sana," alisema. "Na mimi nimekukosea. Nilikuona unavyonywea kila Jumapili, nikajifanya sioni."

"Nifungashe vyangu?"

"Malizia shuka."

"Tujifunike sisi? Siwezi, baba."

"Si letu. Ni la mama wa marehemu. Hajabakiwa na hata kitambaa cha mwanawe, nami kwa uchoyo wangu nilifungia vyote humu. Tutampelekea wote wawili, na utamwambia ulichoniambia."

Kuungama kwa mume ni kazi, lakini kwa mama aliyemzika mwanawe ni kazi nyingine kabisa.

"Nitaanzia wapi?"

"Sijui. Ila huwezi kuingia kwake bila kumjua mwanawe." Akavuta kiti karibu, akagusa kipande cha bluu. "Gauni hili alilivaa siku aliyoniambia mimi ni bahili wa maneno."

"Hakukosea."

"Hakukosea hata kidogo."

Mama Viraka akacheka huku analia, akatia uzi kwenye sindano. Akawa anashona, mumewe anasimulia, kipande hiki siku ile, kipande kile safari ile, na jina lililokuwa halitajwi nyumbani humo likatajwa hadi likazoeleka.

Jumamosi shuka likakamilika. Waliondoka asubuhi, mume amelibeba begani. Walipofika kwa mama yule, fundi saa akasimama hatua moja nyuma, na Mama Viraka ndiye aliyebisha hodi.