Treni Iliposimama Chini ya Bahari

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani. Binti yake wa miaka sita alizama boti ilipopinduka kati ya visiwa viwili, na mwili haukuonekana. Miaka mitatu mama hakuvuka tena. Reli ya chini ya bahari ilipofunguliwa, alijikaza, akapanda treni kupeleka sare za shule kisiwa cha pili.

Katikati ya handaki treni ikasimama, taa zikazimika. Giza totoro, maji yakidondoka juu ya paa. Kisha nje ya kioo, sauti aliyoililia miaka yote ikauliza taratibu, "Mama, na wewe umezama?"

Akaganda, machozi yakimtiririka. Abiria wa pembeni akamgusa bega.

"Dada, mpakate mtoto basi. Amelowa chapachapa, anatetemeka."