Bwana Harusi wa Hegyeshalom

"Tumesimama tena," alisema Gergő kwenye simu.

"Wapi?"

"Ningejua wapi, ningekupigia ili tusalimiane tu?"

Ormos Hajnal alikanyaga mafuta. Škoda Octavia ikayapita malori matatu kwa mkupuo, na dereva wa lile la mwisho akampigia honi ya matusi. Hakujali. Hajnal alikuwa ofisa wa idara ya ujasusi ya Hungaria, na mwenzake wa miaka mingi, Szalai Gergő, alikuwa amefungiwa ndani ya kontena la chuma juu ya treni ya mizigo, katika jua la Julai.

Mambo yaliharibika alfajiri, bandarini Csepel, Budapest. Gergő aliingia ndani ya kontena lile kupandikiza kinasa sauti katikati ya makasha yaliyoandikwa GIABOKSI ZA TREKTA. Giaboksi wapi! Ilikuwa mitambo ya kuongozea makombora, mali ya wizi, ikipelekwa kwa mnunuzi wa nchi ya nje. Kuli mmoja asiyejua hili wala lile akapita, akaona mlango wazi, akaufunga. Akakaza na komeo. Treni ikaondoka.

"Ikitembea, upepo unapenya kwenye mpira wa mlango," alisema Gergő. Alikuwa anahema. "Ikisimama, Hajnal, hili ni tanuri."

"Unasikia nini huko nje?"

"Mbwa. Watu wanacheka. Na kuna mjinga mmoja anatembea kwenye kokoto. Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi. Atanitia wazimu."

"Gergő, usilale."

Simu ikakatika.

Akapiga tena. Haikuita.

Akanyakua redio yake ya Motorola. "Dobos, Dobos, jibu."

"Dobos hapa," ikajibu sauti nzito ya kanali wake kutoka Budapest.

"Treni yetu ni ipi, Afande?"

"Hatujui."

"Hamjui vipi? Treni ina urefu wa kijiji!"

"Kampuni iliyoitoa Csepel iliishiwa madereva. Pale Komárom ikaikabidhi kwa kampuni nyingine. Kichwa cha treni kikabadilishwa, namba ikabadilishwa. Tunapiga simu, kila mmoja anatuambia tumuulize mwenzake. La uhakika ni moja, haijavuka mpaka."

"Basi iko Hegyeshalom."

"Na iachwe ivuke yenyewe. Usifungue kitu, Ormos. Mnunuzi yuko Vienna anaingoja. Akihisi tumeigusa, anapanda ndege, na miaka yetu miwili inakwenda na maji."

"Gergő yumo ndani."

"Najua."

"Isiposogea, atakufa humo."

"Amri ndiyo hiyo," alisema Dobos.

"Nimeisikia, Afande. Andika kwamba nimeikataa."

Akazima redio, akaitupa kiti cha nyuma.

Hegyeshalom ni pale reli ya Hungaria inapoishia na ya Austria inapoanzia, na katikati yake kuna kusubiri. Zamani mizigo yote ilikuwa ya shirika moja la serikali. Lilikuwa zembe, ndiyo, na lenye kiburi, lakini lilikuwa na mwenyewe. Kisha soko likafunguliwa, wenye mitaji wakaja mbio, na leo kampuni zimekuwa nyingi kuliko njia za kupitia. Huyu ana kichwa kisichokubali umeme wa Austria. Yule ana dereva asiyejua Kijerumani, na bila Kijerumani havuki. Mwingine ana kila kitu, ila zamu yake ya kupita imepewa treni ya abiria. Wote wanasimama juani. Malori yanawapita barabarani wakiyatazama, na wateja wao nao wanayatazama.

Hajnal aliegesha gari nyuma ya ghala, akatoa kamera ya FLIR inayoona joto la mwili wa binadamu. Akaielekeza yadini.

Nyekundu. Yadi nzima nyekundu. Chuma chote kilikuwa cha moto kuliko mtu aliye hai. Kifaa cha bei mbaya, upuuzi mtupu! Akakirusha garini.

Kwenye ofisi ya mwongoza treni alimkuta Mama Piroska, mwanamke mnene mwenye bakuli la cheri mapajani na simu mbili zinazoita kwa pamoja. Hajnal alimwonyesha kitambulisho.

"Treni iliyobadilishwa kampuni pale Komárom ni ipi, mama?"

"Iliyobadilishwa?" Mama Piroska alitema kokwa. "Mwanangu, uliza ambayo haijabadilishwa! Kichwa cha kukodi, mabehewa ya kukodi, dereva wa kukodi. Nikigonga mlango, kila ninayemkuta ndani ananiambia yeye ni mpangaji tu."

"Mtu wangu anakufa ndani ya kontena."

Mama yule akaacha kutafuna. "Mungu wangu! Basi tuyafungue yote."

"Wenye mzigo lazima wawe na jicho hapa yadini. Tukianza kufungua ovyo, litatuona kabla hatujamfikia."

Alitoka mbio. Treni upande huu, treni upande ule, kontena juu ya kontena, na zote zimenyamaza.

Kwenye kivuli cha kichwa kimoja chekundu madereva walikuwa wanacheza karata. Costel, Mromania mwenye masharubu, alikuwa ameshika kipande cha mafuta ya nguruwe juu ya moto mdogo, akiudondoshea mkate mafuta yake. Dušan, Mslovakia mrefu kama nguzo, alikuwa anagawa karata.

"Sista," alisema Dušan, "kama umetuletea dereva anayejua Kijerumani, karibu. Kama umeleta maneno, panga foleni."

"Nani kati yenu amebeba kontena za Csepel?"

"Sisi hatuulizi tumebeba nini," alijibu Costel. "Siku ukiuliza, wanakufanya uwajibike nacho."

Wakacheka. Mbwa wa yadi akabweka.

Na nyuma yao kokoto zikalia. Kwacha, kwacha, kwacha. Zikanyamaza. Kisha zikalia tena, zikirudi.

Hajnal akageuka polepole.

Alikuwa mwanamume mwenye kizibao kipya cha kuakisi mwanga. Alitembea kutoka kwenye mabehewa ya mbele ya treni yake mpaka kwenye taa ya njia, akaitazama, ikiwa bado nyekundu, akatazama saa, akarudi.

"Yule nani?"

"Bwana harusi!" madereva waliitikia kwa pamoja.

"Tangu afike yuko hivyo, kama anayemngoja bibi harusi," alisema Dušan. "Tumemwita aje ale, hataki. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, akanitukania ukoo."

"Mnamfahamu?"

"Siku hizi nani anamfahamu nani? Leo wakala analeta huyu, kesho analeta mwingine."

Anakwenda, anarudi. Gergő alikuwa amezisikia hatua hizi hizi kupitia ukuta wa chuma.

Lakini huenda akawa dereva halali mwenye mke mjamzito nyumbani. Hajnal akajiweka sawa, akamfuata kwa mwendo wa karani aliyechoka.

"Habari ya kazi. Zamu yako ya kupita imepatikana. Unaweza kuondoka."

Dereva wa kweli angecheka. Angeuliza nani kapima breki baada ya treni kusimama muda wote ule. Angesema saa zake za kazi zimekwisha, angedai chakula, angemtukana waziri wa reli pamoja na mama mkwe wake. Hajnal aliwahi kufanya kazi kwa siri kama mkaguzi wa mabehewa, na hakuwahi kumwona dereva anayeshukuru.

Mtu yule akasema, "Asante sana, dada!"

Na akakimbilia ngazi ya kichwa.

"Simama hapo hapo!" Bastola ya Hajnal, CZ, ilikuwa tayari mkononi.

Yule bwana akaruka ndani. Dirisha likafunguka, Glock ikatokeza.

Paa!

Hajnal alijitupa nyuma ya gurudumu. Risasi ya pili ikararua kokoto karibu na goti lake. Kichwa kikanguruma, minyororo ikakaza, behewa la kwanza likasogea. Taa nyekundu usoni, yeye anaondoka!

Kati ya kichwa na behewa la kwanza kuna mpira mnene unaopeleka hewa ya breki kwenye treni nzima. Hajnal alilala kifudifudi, akaulenga.

Risasi moja.

Hewa ikatoka kwa mluzi wa kuziba masikio, na breki za treni nzima zikang'ata magurudumu. Huko ndani bwana harusi akapigwa uso kwenye kioo. Akafungua mlango wa upande wa pili, akaruka chini damu ikimchuruzika puani, bila bastola, na kutua mikononi mwa Costel.

"Loh! Bwana harusi," alisema Costel, akimkaba shingo. "Unakwenda wapi bila bibi?"

Hajnal hakungoja kucheka. Alikuwa anagonga kontena la kwanza kwa kitako cha bastola. "Gergő!"

Kimya.

La pili. Kimya.

La tatu. Kimya.

Hapo ndipo alipoogopa kweli kweli. Kufukuzwa kazi, kushtakiwa, hayo yalikuwa madogo. Aliogopa kufungua mlango na kukuta maiti ya mtu aliyezoea kumnyang'anya nusu ya mkate kila asubuhi.

La nne.

Kitu kikakwaruza ndani. Kidogo tu, kama panya.

"Leteni mtaimbo!" alipiga kelele, na sauti yake ikapasuka.

Dušan alikuja nao mbio. Lakiri ikakatika, komeo likalia, mlango ukafunguka, na joto likawapiga nyuso mpaka wakarudi nyuma. Gergő akaanguka nje kama gunia, midomo imepasuka, shati limeshikana na ngozi. Hajnal akamdaka, wakaenda chini wote wawili. Costel aliyemwacha mateka wake kwa wenzake akammiminia maji kichwani.

Gergő akafumbua jicho moja.

"Tumefika Vienna?"

"Hegyeshalom," alisema Hajnal. Alikuwa analia na hakujificha.

"Bado?"

Madereva wakaangua kicheko. Mama Piroska, aliyekuwa amewasili akitweta, akajifuta machozi kwa aproni na kupiga simu ya gari la wagonjwa.

Kisha simu ikatetemeka. Samsung ya bwana harusi. Hajnal akamwekea usoni, ikafunguka, akasoma.

*Uko wapi?*

Akafikiri kidogo. Akaandika: *Bado Hegyeshalom. Hakuna njia.*

*Mpaka lini?*

*Hawasemi.*

Jibu likachelewa.

*Washenzi hao. Sawa. Sitoki hapa kituoni mpaka ufike.*

Akaenda kuichukua redio garini, akaiwasha.

"Ormos!" Dobos alifoka. "Nimeambiwa kuna milio ya risasi huko. Umetuharibia kila kitu!"

"Gergő yu hai, Afande. Dereva bandia tunaye. Mzigo upo. Na mnunuzi wako amekaa kituo cha mizigo Vienna, anangoja."

"Anangoja nini? Kwa nini hajakimbia?"

"Nimemwambia treni imechelewa."

"Akaamini?" aliuliza kanali.

"Afande, kuna mtu Ulaya nzima asiyeamini hilo? Waambie wenzetu wa Austria wamalize kahawa yao kwanza."

Waliimaliza. Walimkuta kwenye benchi la kituo, koti limevuliwa, simu mkononi, akimlalamikia mlinzi kuhusu hali ya reli siku hizi. Mlinzi alikuwa anakubaliana naye kwa kila neno. Hata pingu zilipomwingia mikononi, alidhani kwanza ni mtu wa kumkagua tiketi.

Gari la wagonjwa lilipoondoka na Gergő, redio ikaita tena.

"Kazi nzuri," alisema Dobos, kwa shida. "Lakini amri uliikataa. Nataka maelezo ya maandishi. Haraka iwezekanavyo."

"Utayapata, Afande," alisema Hajnal, akivaa miwani yake ya jua. "Nayatuma kwa treni ya mizigo."

Akazima redio, akatembea polepole kuelekea kwenye Škoda.