Vipimo vya Bwawa la Kildebro

Kila siku baada ya shule Alberte alipanda baiskeli yake akapitia bwawani, na kila siku alikunja uso. Baba yake, Troels, alikuwa amempa kazi ya kusoma fimbo ya kipimo iliyosimikwa pale na kuandika sentimita za maji kwenye daftari. Dakika tano tu, baba alisema. Dakika tano! Kana kwamba upepo wa Oktoba ulikuwa unampiga baba masikioni.

Bwawa lenyewe lilikuwa shimo pana la nyasi mwisho wa mtaa wa Kildebro. Mvua iliponyesha, maji ya mapaa na barabara yalikimbilia humo, yakangoja, kisha yakatoka polepole kwa bomba jembamba hadi kijitoni. Baada ya siku moja shimo lilitakiwa kuwa tupu, tayari kwa mvua nyingine. Lakini Agosti bwawa lilifurika, maji yakaingia katika chumba cha chini ya nyumba ya Bi Bodil, mjane wa mtaa ule. Yaliharibu mtambo wake wa kufumia na vitambaa alivyofuma kwa miaka arobaini. Tangu siku hiyo Bi Bodil alikuwa na hasira. Alitaka bwawa lichimbwe upya, na kila aliyepita langoni pake aliambiwa hivyo.

Troels alikuwa mhandisi wa mifereji, kwa hiyo umoja wa wakazi ulimwomba achunguze. Alilichora bwawa lote katika programu ya kompyuta aliyoitumia kazini, akaingiza ukubwa wa mapaa, mteremko wa barabara, upana wa bomba na mvua ya kila siku. Programu ikamchorea mstari wa buluu ulioonyesha maji yanapanda na kushuka vipi.

"Sasa tujue kama bwawa la kweli linafanya kama hili la kompyuta," alimwambia binti yake. "Mimi nafika nyumbani giza limeingia. Wewe ndiwe macho yangu."

Wiki ya kwanza Alberte alifanya kazi sawasawa. Wiki ya pili mvua ilinyesha kwa upande, na Malthe, mjukuu wa Bi Bodil aliyesoma naye darasa la saba, akamwona akitoka getini mwa shule.

"Haya, mkaguzi wa bata!" alipiga kelele. "Mwambie babako aje kukausha nyumba ya bibi yangu!"

Wenzake wakaangua kicheko. "Funga domo lako!" Alberte alijibu, akakanyaga pedali kwa hasira hadi nyumbani bila kupita bwawani.

Kompyuta ya baba ilikuwa wazi juu ya meza ya jikoni. Mstari wa buluu ulisema siku hiyo maji ni sentimita kumi na mbili. Alberte aliutazama, akafungua daftari, akaandika kumi na tatu.

Kesho yake hakwenda tena, wala kesho kutwa. Mwezi mzima aliandika vipimo akiwa amekaa karibu na jiko, mkononi kipande cha mkate mweusi. Aliongeza moja hapa, akapunguza mbili pale, ili tarakimu zisifanane mno na za kompyuta. Ujanja alioutumia kukwepa dakika tano ungetosha kumfaulisha mtihani wa hesabu.

Jumapili moja ya Novemba wakazi walikusanyika mchana katika nyumba ya umoja wao. Kahawa ilimiminwa, keki zikakatwa. Troels aliangaza ukutani mistari miwili, wa buluu wa kompyuta na mwekundu wa vipimo vya Alberte. Ilikwenda pamoja kama ndugu walioshikana mikono.

"Mnaona wenyewe," alisema kwa furaha. "Bwawa linatosha. Baada ya kila mvua linakauka. Ile mvua ya Agosti ilikuwa ya ajabu, basi. Hakuna haja ya kufanya lolote."

Bi Bodil alisimama. "Troels, mimi napita pale kila asubuhi. Lile bwawa halijakauka tangu Oktoba. Bata wanaogelea!"

"Bi Bodil, nakuheshimu, lakini nina vipimo vya kila siku hapa. Labda uliona dimbwi."

"Dimbwi? Mimi mtu mzima sijui dimbwi?"

"Labda ni bata wadogo!" mtu mmoja wa nyuma alidakia, na chumba kizima kikacheka.

Uso wa Bi Bodil ulipiga wekundu. "Mnanicheka? Maji yaliingia kwenu au kwangu? Sijasema uongo hata neno moja!"

"Tupige kura," mwenyekiti alisema. "Wanaokubali tuliache bwawa kama lilivyo, wanyooshe mikono."

Mwanzoni Alberte alimkasirikia Bi Bodil. Kwa nini asinyamaze tu? Kisha aliona mikono ikianza kupanda, na yule mama amesimama peke yake. Hasira ile ikageuka ikamrudia mwenyewe.

"Msipige kura!" alipaza sauti. "Vipimo ni vya uongo! Sikwenda. Nilinakili kwenye kompyuta ya baba."

Mikono ilibaki hewani. Troels alimtolea macho. "Unasemaje?"

"Niliandika nilichokiona kwenye mstari wako. Tangu wiki ya pili."

Troels hakumpigia kelele. Alifunga kompyuta, akaikwapua pamoja na koti lake. "Vaeni mabuti," aliwaambia watu. "Twendeni tukaone."

Bwawani fimbo ilisoma sentimita sitini na moja. Kipimo cha mwisho daftarini kilisema nne. Bata sita walikuwa wakiogelea, na safari hii hakuna aliyecheka.

Troels aliweka kompyuta juu ya boneti ya gari. Siku zote programu ilianza kila mvua na bwawa tupu. Sasa aliandika kwamba maji ya kuanzia ni sitini na moja, akaingiza mvua kubwa iliyotabiriwa Jumanne. Mstari wa buluu ulipanda, ukapita ukingo, ukaendelea kupanda.

"Maji hayo yanakwenda wapi?" Bi Bodil aliuliza.

"Kwako," Troels alijibu bila kumtazama usoni. "Jumanne kabla ya adhuhuri."

Waliingia majini na reki. Mdomoni mwa bomba walikuta wavu wa trampolini, ule wa watoto kurukia, uliopeperushwa na dhoruba ya Oktoba, umeshikilia majani na tope hadi bomba kuziba. Waliuvuta watu wanne, wakilaani. Alberte alizoa tope kwa ndoo mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuna aliyemwambia apumzike. Wavu ulipotoka, bomba likakoroma, maji yakaanza kuondoka.

Jumanne mvua ilikuja kama ilivyotabiriwa. Bwawa, lililokuwa limekauka tangu jana yake, lilijaa hadi nusu, likasimama hapo.

Jioni Troels alimwita Alberte mezani. Hasira zilikuwa bado hazijamtoka.

"Mimi nina kosa langu," alisema. "Mistari ilifanana mno, na badala ya kushuku nilifurahi. Kosa hilo nitalijibu mwenyewe mbele ya wakazi. Lakini wewe! Kompyuta haijui kama bomba limeziba. Inajua tunachoiambia tu. Nilikutuma uniambie iwapo imekosea, ukarudi na maneno yake yenyewe. Kuna mtu analala akizitegemea tarakimu zako, unanielewa? Ukiwa hukwenda, sema hukwenda. Ukurasa mtupu ungenifanya nitoke mwenyewe kuangalia."

Alberte alikwenda kwa Bi Bodil usiku huohuo. Alimkuta chumbani chini, akipapasa sakafu kwa kiganja.

"Pakavu," Bi Bodil alisema.

"Nimekuja kuomba radhi, Bi Bodil."

"Najua ulilojia." Alijiinua taratibu. "Ulipaza sauti ukasema kweli mbele ya watu wazima, na watu wazima wengi hawawezi hilo. Lakini sikiliza, mwanangu. Maji ya Agosti yalichukua vitambaa vyangu, nami nitafuma vingine. Wewe ulichukua neno langu. Mwezi mzima nilisema kweli nikaonekana mwongo, na wakati watu wananicheka, katika chumba kile wewe peke yako ulijua kwamba uongo ulikuwa daftarini. Mtu akidanganya tarakimu, kuna mwingine mahali fulani anayeitwa mwongo kwa ajili yake. Siku hiyo, huyo mwingine alikuwa mimi."