Nilimfelisha Binti Aliyeijua Njia ya Jeneza la Mama Yangu

Nina miaka arobaini na tisa. Ni mwalimu wa chuo, nafundisha shahada ya kwanza ya mipango miji, na kwa zaidi ya miaka kumi na tano nimekuwa nikisahihisha kazi za watoto wa watu. Nayaandika haya nikiwa nyumbani kwetu, mji mdogo wa pwani kati ya Kilwa na Lindi. Sitautaja jina, maana waliomo wameshaaibika vya kutosha kwa ajili yangu.

Ndugu zangu, wengine huharibikiwa kwa pombe, wengine kwa wanawake... Mimi niliharibikiwa kwa kalamu. Niliweka vema!

Niwaeleze. Kila mwaka wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu huenda mtaani kwa wiki sita. Kila wawili hupewa kipande kimoja cha mtaa, lakini kila mmoja hufanya kazi yake peke yake. Anapima, anachora ramani, anaongea na wakazi, kisha anairudisha ramani kwao waikague. Wakiridhika, wanatia sahihi au dole gumba. Kazi yangu mimi ni kujaza fomu ya matokeo ya kujifunza: je, mwanafunzi huyu anaweza kupima? Anaweza kuchora? Anamaliza kwa muda? Anaweza kuwasikiliza wakazi na kuyaingiza wanayoyajua kwenye mpango? Mbele ya kila swali pana kisanduku. Unaweka alama ya vema, au unaandika "hajafikia".

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na tamaa. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuipima programu yetu, na mratibu wake ni mimi. Kiti cha mkuu wa idara kilikuwa wazi. Nikajiambia, mafaili yakiwa safi, kiti ni changu. Nikachagua vijana wapelekwe mtaa wa mama yangu mzazi, Bi. Somoe. Nilizaliwa pale, nani angenisumbua?

Lakini kwa mama sikulala hata siku moja. Nilichukua chumba Lindi mjini, penye feni na mtandao, nikawaambia vijana waniletee kazi huko huko. Mama akapiga simu kulalamika kwamba amepika samaki wa kupaka, chungu kizima, na mwanawe hakutokea. Nikamjibu kwamba kazi zimenibana.

Kazi gani? Nilikuwa nimejilaza kitandani naweka vema.

Kulikuwa na kijana mmoja, nitamwita Denis. Ramani yake ilikuwa imechapwa kwa rangi, inang'aa, ya kuwaonyesha wageni. Sahihi kumi za wakazi chini yake zilikuwa za mwandiko mmoja. Niliona! Msidhani sikuona... Hata jirani yetu mmoja, niliyemzika kwa mikono yangu miaka ya nyuma, alikuwa ametia sahihi! Denis hakuwa amekanyaga mlango wa mtu, alinakili majina kutoka daftari la zamani la mtaa. Nikacheka peke yangu, nikamwekea vema kila kisanduku.

Na kwenye kipande hicho hicho alikuwapo binti mmoja wa Kitomanga, Sikudhani. Mpole, haongei mpaka aulizwe. Yeye alikuja siku nne baada ya muda kwisha, viatu vimejaa vumbi, na ramani imechorwa kwa penseli. Akaniamkia, akaanza kueleza kwamba ramani yake ya kwanza wakazi waliikataa kwa sababu hakuichora njia ya jeneza, ikabidi aanze upya.

Kwa wasiojua: mtaani kwetu maiti hutoka nyumbani kwake juu ya mabega ya watu wanne, anapelekwa msikitini kuswaliwa, kisha makaburini. Nyumba zimebanana. Kwa hiyo wazee waliacha njia nyuma ya nyumba, yenye upana wa jeneza na wabebaji wake, na kona zake zikaachwa wazi ili jeneza lipate kugeuka. Hakuna anayejenga pale, na haikuandikwa popote. Mgeni akipita ataona uwazi tu na kuku wanaparura.

Na mimi njia ile naijua! Nilimbeba baba yangu hapo nikiwa na miaka kumi na tisa.

Je, nilimsikiliza Sikudhani? Nilimkata kauli. Nilimuuliza kama wakaguzi wataonyeshwa kazi ya penseli. Alipojaribu kusema kuna bibi mmoja alitembea naye njia nzima, nikamwambia muda umekwisha. Kisha nikaandika "hajafikia" kwenye kisanduku cha muda, nikaandika kwenye cha kuchora, na Mungu anisamehe, nikaandika hata kwenye cha kuwasikiliza wakazi. Hoja yangu ilikuwa kwamba mwenyewe amekiri wakazi walimkatalia ramani! Ukurasa wa pili wa kazi yake sikuufungua.

Ukifeli mafunzo yale unarudia mwaka. Mkopo wa Sikudhani haukulipia mwaka wa kurudia, na kwao hapakuwa na wa kumsaidia. Akafunga mizigo akarudi Kitomanga. Alinitumia ujumbe mmoja tu: "Shikamoo mwalimu. Naomba usome ukurasa wa pili."

Sikumjibu.

Muda si mrefu mama akaniuliza kwenye simu, yule binti mpole aliyekuwa anakuja kwake kuuliza mambo, alifaulu? Nikasema ndiyo mama, alifaulu vizuri sana. Mama akamwombea dua ndefu, nami nikaitikia huku natazama saa.

Wakaguzi wakatusifu. Kiti nikakipata. Ulipofika wakati wa kurasimisha viwanja vya mtaa wetu, nikaikabidhi ramani ya Denis kwa mikono yangu kama kazi bora ya chuo. Kwenye ramani ile njia ya jeneza ilikuwa imeandikwa "eneo wazi". Eneo wazi likakatwa kiwanja, kiwanja kikapata mnunuzi.

Mama akapiga simu tena. "Mwanangu, wameweka bikoni kwenye njia yetu." Bikoni ni zile nguzo fupi za zege za mpaka wa kiwanja. Mnajua nilimjibu nini mama yangu? Nilimwambia wataalamu wameshapima, wasiwe wabishi, maendeleo yana gharama zake... Akasema, "Haya baba, ninyi ndio mliosoma." Hakulitaja tena.

Mwaka huu mama akafariki.

Alioshwa, akavishwa sanda, tukamwinua mabegani, mimi mbele upande wa kulia. Tulitoka mlango wa uani, hatua chache tu, tukakutana na ukuta wa tofali. Pembeni pamebaki upenyo wa mtu mmoja, tena apite kwa ubavu. Na mlango wa mbele unabanwa na baraza ya jirani, hapajawahi kupita jeneza tangu nyumba ijengwe. Tukasimama. Mtu mmoja nyuma akasema labda tuliinamishe kidogo, lipite kwa ubavu. Mjomba wangu Mfaume akamkemea: "Bi. Somoe hatoki kwake kwa ubavu kama kabati!"

Tukamweka chini. Mama yangu, juani, nyuma ya nyumba yake mwenyewe!

Mwenye ukuta, Bwana Nassoro, alitoka na nyundo yake mkononi. Hati anayo, kosa hana. Akasema, "Bomoeni. Mimi niliuziwa kiwanja, sikuuziwa njia ya maiti." Akapiga la kwanza yeye. Vijana wakapokezana, tofali zikaanguka moja moja, na kina mama ndani waliokuwa wanalia wakanyamaza kusikiliza. Nilikuwa nimechuchumaa, nimeshika mguu wa jeneza, napangusa vumbi lililotua juu ya kitambaa.

Ndipo mjomba akasema kwa uchungu, "Aliyeipitisha ramani hii, Mungu amlipe anachostahili!"

Watu wote wakaitikia amin. Na mimi nikaitikia... kwa sauti!

Baada ya hitima nilirudi chuoni, nikaitafuta kazi ya Sikudhani kwenye makabati. Nikaufungua ukurasa wa pili. Njia ilikuwapo yote, kutoka mlango wa uani wa mama hadi msikitini, kila kona na upana wake, imepimwa kwa hatua na kwa futi. Pembeni aliandika jina la aliyemwonyesha, Bi. Somoe, na chini ya jina palikuwa na dole gumba la mama yangu, la wino wa bluu.

Nilikaa sakafuni nikalia mpaka katibu muhtasi akaja kuniuliza kama nimepata msiba mwingine.

Nilipanda basi kwenda Kitomanga. Nilimkuta Sikudhani barazani kwa mama yake mdogo anapepeta ufuta, mtoto wake mchanga mgongoni. Akasimama haraka, "Shikamoo mwalimu, karibu," akaniwekea kiti, kama vile sijamfanya lolote. Nilimweleza kila kitu, Denis, sahihi ya marehemu, kifo cha mama, ukuta, nyundo. Nilitaka anitukane. Wallahi ningefurahi angenitukana!

Aliweka ungo chini, akauliza, "Sasa bibi alipita, mwalimu?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema bibi alimpimia njia kwa miguu yake mwenyewe, na goti linamuuma, na akamwambia, "Andika vizuri mwanangu, anayefuata kupita hapa ni mimi."

Nimeandika barua chuoni kukiri yote, nimekiacha kiti. Suala la Sikudhani wanalijadili, na kila wiki nakwenda kuuliza limefika wapi. Mwenyewe amesema akiitwa atarudi, mtoto atakuwa ameshaacha ziwa. Mjomba Mfaume nimemweleza pia kwamba mtu yule aliyemwombea malipo ni mimi. Tangu siku hiyo salamu yangu anaipokea kwa shida, na simlaumu.

Walimu wenzangu, nawasihi. Usiweke vema kwa jambo ambalo hukuliona, hata kama wakaguzi wako mlangoni. Na akija mwanafunzi amechelewa, viatu vina vumbi, usimkate kauli. Muulize alikuwa wapi. Huenda alikuwa anatembea na mama yako.

Na ukurasa wa pili ufungueni mapema, ndugu zangu. Mimi niliufungua nikiwa nimeshamzika aliyetia dole.