Mrija wa Mzee Nyasani

Maji ya mtungini yalianza kunuka pombe Ijumaa ya tano tangu Machogu aache kunywa. Mkewe, Bosibori, aliyamwaga, akausugua mtungi kwa majivu, akateka mengine. Jua lilipotua na Sabato kuingia, yalinuka tena nafaka ya wimbi iliyochacha, na yalikuwa yamepungua nusu.

Mwaka huo wa 1974 Machogu alikuwa fundi cherehani mjini Kisii, na pombe ilikuwa imemla hadi mfupa. Vitambaa vya wateja alikuwa akivibadilisha kwa chang'aa kule Daraja Mbili bila haya. Bosibori alimwambia wazi: tone moja tena, anamchukua mtoto wao Abner na kurudi kwao Nyacheki. Ndipo Machogu alipoungama kanisani na, ili kila mtu aone, akautoa mrija mrefu ambao marehemu babake, Mzee Nyasani, alinywea pombe chunguni pamoja na wazee wenzake. Akaukata vipande saba kwa mkasi wake wa kazi. Waumini wakaitikia amina. Lakini mrija wa baba hurithiwa na mwana, haukatwi, na hakuna aliyewahi kuthubutu. Alivizika vipande nyuma ya nyumba akidhani yamekwisha, kumbe ndio kwanza mkoko unaalika maua.

Jioni hiyo walisikia. Ndani ya mtungi uliofunikwa kitu kilikuwa kikifyonza, kwanza polepole, kisha kwa pupa, kikipumua kwa nguvu na kukohoa kile kikohozi kikavu ambacho Machogu alikijua tangu utotoni, na koo lake likakauka, akajikuta amepiga magoti mbele ya mtungi, mdomo wazi, hadi Bosibori alipomshika kola na kumvuta kwa nguvu zake zote.

“Ni baba,” Machogu alinong'ona. “Ana kiu. Na kiu yake iko kwangu.”

Jumapili walipanda kilima cha Manga kwa Nyangate, mwanamke mpiga ramli ambaye watu wa kanisa lao hawakutakiwa hata kumsalimu. Alisema mzee amenyang'anywa mdomo wake wa kunywea. Apikiwe pombe ya wimbi, amwagiwe chini, aombwe aende zake. Ila mwenye nyumba aonje kwanza, kama desturi ilivyo, mgeni ajue haina sumu. Machogu alilia mbele ya wanawake hao wawili. Alijijua, kuonja tu kungemmaliza.

“Baba Abner,” Bosibori alisema taratibu, “hata mimi ni mwenye nyumba. Nitaonja mimi.”

Alikuwa hajawahi kuionja tangu azaliwe. Pombe ilipoiva, wiki moja baadaye, alipiga funda moja kando ya mtungi, akakunja uso, akaimwaga iliyobaki. Mtungi ukanyamaza. Siku nne maji yalikuwa safi, na Machogu alishona bila kiu, akimshukuru Mungu kwa sauti.

Ijumaa alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Bosibori alikuwa amechuchumaa kando ya mtungi, kucha zimejaa udongo, akiunganisha vipande vya mrija kwa sindano na uzi. Sita vilikuwa tayari. Alikohoa kikohozi kikavu, akamnyooshea sindano.

“Malizia wewe, mwanangu,” alisema. “Fundi ni wewe.”