Alisikiliza Goti Langu, Akasema Nadanganya

"Goti iko sawa. Haina sauti. Huyu anadanganya."

Maneno saba tu, jamani... na kwa sababu yake nachechemea tangu 1981 mpaka leo ninapowaandikia.

Naitwa Deqa. Niliolewa na Dualeh, dereva wa lori la ng'ombe hapa Isiolo. Mwezi mmoja kabla ya maneno hayo nilianguka kutoka kwenye lori lake pale Ngaremara, goti likagonga jiwe.

Uvimbe uliisha, lakini ndani kulibaki kitu. Nikikunja mguu, kinasaga kama mchanga kwenye meno. Siku nyingine goti linagoma kabisa kunyooka.

Mama mkwe, Hooyo Nurto, alishanichoka. Nikisema siwezi kwenda mtoni, anaguna. Basi Dualeh akakata shauri twende kwa Adeer Mahamud, mdogo wa baba yake. Adeer akisema goti ni bovu, napelekwa hospitali. Akisema ni zima, nabeba mtungi na nisisikike tena.

Sasa mjue Adeer alikuwa nani. Askari wa zamani, alipigana Burma, na alikuwa bingwa wa magoti. Wafugaji walitoka mpaka Kinna kumwona.

Kwa kawaida alishika goti tupu kwa viganja viwili, akainamisha sikio, akamwambia mgonjwa akunje na kunyoosha polepole... Kisha anakwambia kama gegedu imechanika, au ni maji, au mifupa inasuguana. Hakosei! Mji mzima ulisifu sikio lake.

Lakini mimi nilikuwa mke wa mtu. Hakuweza kunishika mguu. Mkewe, Ebla, akanifunika shuka nene, akalikunja mara mbili juu ya goti. Adeer akaweka kijiti juu ya shuka, ncha ya pili sikioni.

Nikakunja.

Ka!

Nilisikia mwenyewe. Ebla, aliyesimama mlangoni, akashtuka, nikajua naye amesikia.

Adeer akafumba macho. Nikakunja tena... Ka!

Ndipo akainuka na kusema yale maneno saba.

Nikamtazama Ebla aseme chochote. Akainama, akaanza kukunja shuka lake.

Kesho yake nikabeba mtungi.

Wiki ya tatu, nikipanda ukingo wa mto na maji mgongoni, goti likagoma. Niliporomoka hadi chini, na safari hii mfupa ulitoka mahali pake. Daktari aliniuliza mbona nimekaa na gegedu iliyochanika karibu miezi miwili.

Mguu ulipona ukiwa mnyoofu kama mwiko. Haukunjiki. Hooyo Nurto akauliza ni mke gani asiyeweza kuchuchumaa jikoni, na Dualeh akanipa talaka.

Nilimchukia Adeer miaka mitano.

Mwaka wa 1986 nikasikia anaumwa. Nikaenda, si kumpa pole. Nilitaka autazame mguu huu kabla hajafa.

Alikuwa ameketi nje kwenye benchi la mbao, amenipa mgongo.

"Salaam aleikum, Adeer."

Kimya.

Nikaita tena, kwa nguvu. Kimya. Nikaona huyu mzee bado ananidharau... Kwa hasira nikagonga benchi kwa fimbo yangu.

Akageuka hapo hapo!

Ebla alikuwa ametokea nyuma yangu.

"Hasikii, Deqa. Tangu Burma. Mizinga iliua masikio yote mawili. Anaangalia midomo ya watu tu. Magoti alikuwa anasikia na mkono."

Na mkono, wenzangu! Vile viganja tulivyodhani ni vya kushikilia tu, ndivyo vilivyonasa mtetemo wa mfupa. Sikio alilitega kwa sababu watu walitaka kuliona. Siku yangu, kwa kijiti juu ya shuka nene, hakupata kitu, akaona haya kusema hakupata kitu.

"Lakini wewe ulisikia," nikamwambia Ebla.

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, watu wangejua mume wangu ni kiziwi. Nani angemletea goti tena?"

Adeer alikuwa anafuata midomo yetu. Akanyoosha kiganja. Nikainua dera langu mwenyewe. Akaweka kiganja kwenye goti tupu, akangoja nikunje.

Nikamwambia kwa midomo tu, bila sauti, kwamba halikunjiki tena.

Akaelewa. Alilia kama mtoto, na mimi nikalia kwa hasira.

Ukiulizwa jambo na hujui, sema hujui. Aibu yake haidumu hata mpaka magharibi. Na wewe uliyesikia ukanyamaza kumlinda mtu wako, ujue kuna mwingine anayelipia.

Ebla alifariki mwaka juzi. Nilienda msibani. Wanawake wote walikaa kwenye mkeka wakimwombea, na mimi, kwa mguu huu usiokunjika, nilisimama mlangoni mpaka dua ikaisha.