Ziwa la Motipura Lahamia Firq

Harufu ilianzia kwenye kahawa. Ghaniya aliipika mwenyewe, akatia iliki na zafarani, akawamiminia majirani waliokuja kumjulia hali mama mkwe wake. Wageni wakainua vikombe mpaka puani, macho yakawatoka, kisha wote kwa pamoja wakavitikisa vikombe, ishara ya kwamba wametosheka. Hakuna aliyekuwa amekunywa hata tone. Adabu za Waarabu wa Firq hizo: mtu anaweza kufa kwa uvundo sebuleni kwako na asikwambie neno.

Ghaniya akakimbilia jikoni, akaionja, akaitema kwenye sinki. Ilikuwa karo. Karo hasa, lile shimo la nyuma ya nyumba siku gari la kunyonya linapolifunua jua likiwa utosini.

"Humoud!" akamwita mumewe, kwa kunong'ona. "Njoo unuse."

"Ninuse nini? Nipo kazini."

Kazi ya Humoud ilikuwa kupanga miji. Alikaa ghorofani, kiyoyozi kikimpuliza kisogoni, kampuni iliyomwajiri akiiona kwenye kioo cha kompyuta tu, na akiupanga mji wa India uitwao Motipura, mji uliokuwa ukiumuka kama unga uliotiwa hamira ukasahauliwa juani. Alikwenda huko mara moja. Aliuona kupitia kioo cha gari, akala hotelini, akaharisha, akarudi akiwa bingwa wa Motipura.

Katikati ya picha ya mji iliyopigwa kutoka angani palikuwa na baka la udongo, kavu, tupu, halina hata kibanda. Humoud akalipaka rangi ya zambarau: maji machafu ya mji wote yaletwe hapa. Mtu aliyekulia Firq, ambaye kila msimu huiona wadi, ule mto mkavu, ikiamka kwa mvua na kuondoka na magari ya watu, aliiona ardhi kavu akasema haina mwenyewe! Lile lilikuwa ziwa, yakhe. Lilikuwa likingoja mvua yake. Na wakubwa wa Motipura, kwa haraka waliyokuwa nayo, hawakungoja mchoro wa mwisho. Walichukua ule wa kwanza wakaanza kumwaga. Mkubwa wake Humoud, Yazeed, alimtumia video: bomba pana kama mlango wa gereji linatapika uji mweusi, na sauti ya Yazeed juu yake, "Habibi, mabruki! Kazi imeanza!"

Sasa mama yake, Bi Kuruthum. Huyu alizaliwa Unguja mjini, Hurumzi, akaondoka msichana, na umri wake wote hajapata kutupa kitu kizuri. Michoro aliyoitupa mwanawe ilikuwa karatasi nene, za kung'aa, hazipenyezi mafuta. Bi Kuruthum akaziona ni sufra za bure za kulia chakula. Ijumaa akaitandika mojawapo sakafuni, akaweka juu yake nguru wa kuchoma aliyeletwa kutoka Sur, akala kwa raha zake. Alikula juu ya Motipura. Miiba akaitupa kwenye lile baka la zambarau, na maji aliyonawia akayamwaga papo hapo kabla ya kukunja. Mwanamke ambaye hamwagi hata maji ya moto uani bila ya kusema "dasturi, wenyewe tupisheni", siku ile hakusema. Nani husemesha karatasi?

Baada ya Ijumaa ile ndipo kahawa iliponuka. Na kutoka kwenye kahawa harufu ikahamia kwenye udhu.

Adhuhuri Ghaniya alimkuta mkwewe kibarazani mwa choo, mikono imekingwa chini ya mfereji. Maji yalitoka bombani meupe. Yakigusa tu kiganja cha Bi Kuruthum yakawa meusi, mazito, yakateleza kwenye kifundo kama kamasi, na ndani yake mlikuwa na nywele zilizoshikana, mbegu za tikiti, na kitambaa cha kufungia kidonda ambacho kidonda chake hakikuwa mbali.

"Funga mfereji, mama!"

"Nimeufunga," akasema Bi Kuruthum. "Tazama vizuri."

Mfereji ulikuwa umefungwa. Yalikuwa yakitoka viganjani.

Wakampeleka hospitali. Daktari akapima damu, akapima mkojo, akafungua dirisha, akasema mama ni mzima kuliko yeye. Wakabadilisha tangi. Ghaniya akachoma udi mpaka kengele ya moto ikalia, na udi wenyewe ukatoa moshi wa taka. Bi Kuruthum aliacha kula, kwa kuwa kila tonge aliloshika lililegea likawa la kunata. Lakini njaa siyo iliyomliza. Kila adhana ilipoadhiniwa alikaa juu ya kiti, ameelekea kibla, mikono ameiweka mbali na nguo zake kama mtu aliyebebeshwa maiti ya paka.

"Nisimame mbele ya Mola wangu na mavi mkononi?" alimwambia mwanawe. "Miaka yote hii, Humoud. Sijapata kuiacha sala hata moja. Nikifa hivi, nani atathubutu kuniosha?"

Humoud, mtu mwenye digrii, akashuka ngazi akamtafuta mganga.

Mganga alikuwa Mwanamvita, wa Tanga, mwenye duka la kushona pale Firq, mwanamke mnene mwenye sauti ya kunadi samaki. Aliingia saa saba mchana, akasimama mlangoni, akaziba pua.

"Uuuwi! Hili si jini, hii ni manispaa nzima!"

"Shikamoo bibi," akasema Ghaniya.

"Marahaba. Leta kigoda, leta makaa. Na wewe baba, usijifiche nyuma ya mkeo, tumekuona."

Akafukiza ubani, akamfunika Bi Kuruthum shuka nyeupe, akaanza kuita. Nje jua lilikuwa likipasua mawe. Ndani, madirisha yakaanza kutoka jasho. Kitu kikaguguma chini ya shuka, sauti ya bomba lililoziba linapotaka kuzibuka, na shuka ikaanza kuingia madoa kutokea chini kwenda juu.

"Nani wewe?" akauliza Mwanamvita. "Sema jina, sema unalotaka!"

Kikajibu. Kwa Kihindi.

Mwanamvita akageuka. "Anasema nini?"

Wakatazamana. Hapo, katikati ya ile sauti ya bomba, ikatoka sauti ya Bi Kuruthum mwenyewe, imechoka, ina hasira: "Anauliza kwa nini unampigia makelele."

"Mama! Unamwelewa?"

"Nimekaa ukuta mmoja na Mama Jamna, Mhindi wa Hurumzi, miaka kumi na saba, nisijue Kihindi? Ngojeni." Akaguguma, akajibiwa. "Anasema Kihindi changu cha kununulia bizari. Mshenzi huyu! Amekaa tumboni mwangu bure halafu anitie makosa!"

Ghaniya akacheka, akaziba mdomo kwa mkono, na mkono ukamnukia, akaacha kucheka.

"Muulize anataka nini," akasema Mwanamvita, sasa kwa sauti ndogo.

Lile jini likasema maneno mengi. Bi Kuruthum akaifunua shuka usoni, akayafasiri polepole, na kila alipofasiri, pembe za mdomo wake zilichuruzika. "Anasema alikuwa na ziwa. Babu zake wamelala humo. Watu walikuja na maua, wakaomba radhi kabla ya kuchota. Kisha likaja bomba. Halikupiga hodi. Anasema, mlinitia haja zenu kinywani nikiwa nimelala. Anasema alitoka kumtafuta aliyepaka ile rangi, akakuta mtu anakula samaki mlangoni pake." Akamgeukia mwanawe. "Humoud. Rangi gani?"

Humoud akazikimbilia ngazi. Alipanda juu akampigia simu Yazeed, akamweleza yote, mpaka ya jini.

"Ati jini?" Yazeed akacheka hadi akakohoa. "Mwambie alete malalamiko kwenye kikao cha wananchi! Sikiliza, habibi. Ukilirudisha ziwa, mfereji mkuu wote wa maji machafu itabidi tuutafutie njia nyingine. Watatufukuza. Wewe wa kwanza."

Humoud akashuka, mikono mifukoni. "Mama, muulize. Akipewa mahali pengine?"

Jibu lilikuwa fupi. "Anasema popote penye maji na watu."

Basi Humoud alikuwa na mahali. Watu waliohamishwa kandokando ya ziwa walikuwa wamepangiwa mtaa mpya, nje kabisa ya mji, wenye tangi moja la pamoja. Akaifungua ramani kwenye kompyuta, akatia pale nukta ya buluu, ndogo, isiyomzidi mbu. Akarudi akasema, "Tayari. Apishwe." Mwanamvita alimtazama sana kabla ya kusema dasturi.

Na Bi Kuruthum akatapika, akatapika maji meusi na maganda na kucha za watu wasiowajua, akatapika kitu kirefu kilichofumwa kwa nywele ambacho Mwanamvita alikivuta kwa mikono miwili huku akisoma, akakivuta kama mtu anayetoa kamba kisimani, kikawa hakiishi, kinakuja na vifuko na meno ya watoto na maua yaliyooza ambayo bado yalikuwa na uzi wao, kikajilundika zuliani kikipumua, mpaka ncha yake ikamtoka kooni kwa mlio wa busu, na lundo lote likalegea likawa maji, na maji yakapenya sakafuni yasiache hata unyevu.

Chumba kikanukia iliki. Bi Kuruthum akaomba maji, akanawa. Maji yakabaki maji.

Alisali kama anayelipa deni, adhuhuri mpaka isha, na siku zilizofuata akasali na zilizompita. Akanenepa. Akaanza tena kumkosoa Ghaniya mchuzi. Siku moja akauliza, "Humoud, yule mlimpeleka wapi?"

"Jangwani, mama. Kule nyuma ya Al Mintirib, na watalii."

"Maskini watalii," akasema, akacheka.

Ikaja video nyingine ya Yazeed: tangi la mtaa mpya linafunguliwa, ngoma, mashada, mkubwa fulani anakata utepe. Ghaniya, kwa kujivunia mumewe, akamwonyesha mama mkwe. Nyuma ya wapiga ngoma palikuwa na foleni ya ndoo. Bibi mmoja mwenye mvi alikinga viganja chini ya bomba, akavinusa, akavitazama, akaanza kupiga kelele. Watu wakamsukuma kando asiharibu picha. Kwa Ghaniya zilikuwa kelele tu za kigeni.

Bi Kuruthum akairudisha video nyuma akaisikiliza tena. Kisha akamwita mwanawe.

"Huyu mwanamke anasema hawezi kumgusa mungu wake kwa mikono hii. Anauliza amekosa nini." Akampa simu. "Hapa ndipo jangwani?"

"Mama, kulikuwa hakuna..."

"Mimi nilikula juu ya karatasi sijui. Wewe ulijua." Hakupandisha sauti. Alijifuta mikono kwenye kanga yake, polepole, kidole kimoja kimoja, akaielekea video na kusema kwa Kihindi chake cha kununulia bizari.

"Unasema nini? Mama, unasema nini?"

"Namwambia arudi."

Kioo cha simu kikaanza kutoka jasho. Ghaniya akakimbia nje akipiga yowe. Humoud akajaribu kumshika mama yake mabega, akakuta nguo zimeshalowa, na uvundo ukamwingia mdomoni kama tonge.

"Mpigie nani wako huyo," akasema Bi Kuruthum. "Likirudi ziwa, naye atarudi kwao. Mpaka hapo yuko kwangu. Na mtumishi asiniguse, mkeo asiniguse. Utaniosha wewe."

Yazeed hucheka kila anapopigiwa. Wakubwa wa Motipura hawapokei simu. Humoud anachora upya, anapeleka, wanakataa, anachora. Na kila ikiadhiniwa adhuhuri hushuka na beseni, hupiga magoti mbele ya kiti kinachoelekea kibla, na viganja vya mama yake hufunguka.

"Limerudi ziwa?" huuliza, na wakati mwingine wanaouliza ni wawili.

"Bado, mama."

"Basi chota."